Mmea Unaonyauka Penye Maji: Maoni Juu ya Kufundisha Habari za Udongo wa Chumvi

Msimu wa mazoezi ya kufundisha unapowadia, hupita mikononi mwetu maandalio mengi ya masomo yenye kichwa cha habari "Mimea na Mazingira Yake". Aghalabu yameandikwa kwa mwandiko safi, malengo yamepangwa barabara, na muda umegawanywa kwa dakika. Lakini msomaji afikapo kwenye safu ya zana za kufundishia hukuta neno moja tu: picha. Ni picha ya mkoko wenye mizizi iliyopindana juu ya tope, na pembeni yake picha ya mpungate. Mwalimu ataibandika ubaoni, atasema kuwa mkoko hupenda chumvi na mpungate hupenda ukame, watoto watanakili, na kengele italia. Maoni yetu ni kwamba somo hili ni heri lisifundishwe kabisa kuliko kufundishwa hivyo. Linasema jambo ambalo si kweli, na linapita kando ya jambo la kweli ambalo lingewafaa watoto na wazazi wao.

Jambo hilo la kweli ni hili. Tangu madarasa ya chini tunawafundisha watoto kuwa mmea hunyauka kwa kukosa maji, na dawa yake ni kuumwagilia. Kanuni hiyo ni sahihi katika bustani nyingi, nasi hatuna ugomvi nayo. Lakini pako mahali ambapo mmea hunyauka ilhali mizizi yake imelowa. Udongo una maji, tena pengine yamejaa hadi kwenye tuta, na jani linalegea kana kwamba ni kiangazi. Mahali hapo kanuni ya madarasa ya chini hugeuka kuwa mtego, kwa sababu mkulima akiendelea kumwagilia maji yale yale yenye chumvi, anaongeza kile kile kinachouua mmea wake.

Mahali pa namna hiyo si pa kufikirika. Kisiwani Pemba maji ya bahari yameingia katika baadhi ya mabonde ya mpunga. Penye mlango wa mto Pangani maji ya chumvi hupanda kuelekea bara wakati maji matamu ya mto yanapopungua. Katika delta ya Rufiji wapo wakulima wanaolima mpunga katika ardhi iliyokatwa mikoko, ambako mto na bahari hushindana bila kupumzika. Hata mbali na bahari, katika baadhi ya mashamba ya umwagiliaji ya tambarare za Kilimanjaro, udongo una chumvi na magadi ya kutosha kudhoofisha mpunga. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2024 kuwa udongo ulioathiriwa na chumvi duniani ni takriban hekta milioni 1,381, yaani zaidi kidogo ya sehemu moja katika kumi ya nchi kavu yote. Mwalimu mwanafunzi asomaye makala haya huenda akapangiwa shule katika mojawapo ya sehemu hizo. Atakuwa na watoto darasani ambao baba zao wameona mpunga ukigeuka rangi, wakadhani umekosa mbolea, wakaenda kukopa fedha ili kuongeza mbolea. Sasa mbolea nyingi za viwandani nazo ni chumvi za aina yake. Katika udongo ambao tayari una chumvi nyingi huzidisha kiu ya mmea. Mtoto wa darasa la tano angeweza kumwambia mzazi wake jambo hili kwa adabu na kwa ushahidi. Hamwambii, kwa kuwa katika daftari lake la sayansi mna mchoro wa mkoko tu.

Kwa hiyo twapendekeza somo lianze na kunyauka, wala lisianze na mkoko. Mkoko ni jibu, na jibu lisilotanguliwa na swali halimkai mtoto kichwani.

Swali lenyewe liko jikoni. Kila mtoto amewahi kuona kachumbari. Nyanya, tango na vitunguu hukatwa vikiwa vikavu, hutiwa chumvi, na baada ya robo saa bakuli lina maji chini. Maji hayo yametoka wapi, nani ameyamimina? Mwalimu asiwe na haraka ya kujibu. Awape watoto vipande vya kiazi mviringo vilivyokatwa kwa urefu mmoja, nusu waviweke katika maji matupu na nusu katika maji yenye chumvi nyingi, kisha baada ya saa moja au mbili wavishike kwa vidole. Vya maji matupu vitakuwa vigumu, na vya maji ya chumvi vitakuwa vimelegea kama mkanda wa ngozi. Kiazi kimezungukwa na maji pande zote, na bado kimelegea. Mtoto aliyekishika kipande hicho kwa vidole vyake mwenyewe ameelewa kwa nini mvuvi hawezi kukata kiu kwa maji ya bahari, na kwa nini mmea unaweza kunyauka palipo na maji.

Hapo ndipo maelezo yanapokuwa na mahali pa kukaa. Seli za mzizi zina vitu vilivyoyeyuka ndani yake kuzidi maji ya udongo, na kwa sababu hiyo maji huvutwa kuingia ndani, yakipita katika utando mwembamba wa seli. Tendo hilo wataalamu huliita osmosisi. Chumvi inapozidi udongoni, tofauti hiyo hupungua. Mzizi huvuta kwa shida, na chumvi ikikithiri maji huweza hata kutoka mzizini kurudi udongoni. Hatuoni haja ya kumlazimisha mtoto wa shule ya msingi kukariri neno osmosisi. Alijue tendo, jina atalikuta mbele.

Yafuatayo mwalimu mwenyewe hana budi kuyajua vizuri kuliko atakavyoyafundisha. Mmea uliopata chumvi hudhurika mara mbili, kwa mpango maalumu wa wakati, na wachunguzi Rana Munns na Mark Tester waliueleza mpango huo kwa ufasaha katika makala yao ya mwaka 2008. Kwanza huja dhara la kiu. Hili halingoji chumvi iingie ndani ya mmea. Latokana na chumvi iliyo nje, kuizunguka mizizi. Katika muda mfupi sana mmea hufunga vitundu vidogo vya majani yake ili usipoteze maji, na majani machanga hukua polepole. Pili, baada ya siku nyingi au majuma, huja dhara la sumu. Chumvi iliyopanda pamoja na maji hukusanyika katika majani, na jani lililokaa mtini muda mrefu zaidi ndilo lililokusanya zaidi. Sodiamu huingilia kazi ambazo seli huzifanya kwa potasiamu, na jani huungua kuanzia ncha na kingo zake. Kwa hiyo, jani changa likidumaa na jani kuukuu likiungua, tunaona madhara mawili tofauti ya chumvi ile ile. Mtoto akiambiwa aangalie majani hayo mawili na aandike tarehe, atayaona yote kwa macho yake, bila hadubini.

Zana za kazi hiyo ni makopo. Tunasisitiza makopo kwa sababu wapo walimu wanafunzi ambao, kwa bidii isiyo na tahadhari, hufikiria kumwaga chumvi katika tuta la shamba la shule. Wasifanye hivyo. Chumvi iliyomwagwa shambani haichukuliwi na mtu mwishoni mwa somo, na mwalimu atakayekuja baada yako atalima tuta hilo.

Yapatikane makopo 12 ya ukubwa mmoja, yatobolewe chini, yajazwe udongo wa mahali pamoja, na katika kila kopo zipandwe mbegu tatu za maharage zitakazomwagiliwa maji ya kawaida mpaka miche itoe majani mawili halisi. Ndipo makopo yagawanywe makundi manne ya makopo matatu matatu. Kundi la kwanza lipate maji matupu. La pili, maji yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa lita. La tatu, kijiko kimoja kwa lita. La nne, vijiko viwili. Kijiko cha chai kilichosawazishwa huchukua takriban gramu 6 za chumvi laini, kwa hiyo kundi la nne linapata gramu 12 hivi kwa lita. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, karibu vijiko sita, na inafaa darasa lijue hivyo ili lisidhani kuwa vijiko viwili ni vingi mno. Kwa nini makopo matatu na si moja kwa kila kundi? Kwa sababu kopo moja linaweza kuliwa na kuku, au kusahauliwa na mtoto wa zamu, au kuwa na mbegu mbovu. Mwalimu anayeweka kopo moja kwa kila kundi anafundisha bahati nasibu.

Kila siku ya pili watoto wapime urefu kwa rula, wahesabu majani, na waandike jinsi kingo za majani zilivyo. Kundi la nne litaonyesha dhiki mapema, na yamkini miche yake itakufa. Lakini kundi lenye mafunzo zaidi ni la pili. Miche yake haitakufa haraka. Itaishi, itakuwa ya kijani, na itakuwa mifupi. Ukiiona peke yake hutajua kuwa ina tatizo lolote. Utajua tu ukiiweka kando ya kundi la kwanza. Hivyo ndivyo chumvi ipunguzavyo mavuno ya mkulima kwa miaka mingi kabla hajaiona nyeupe juu ya udongo, na hivyo ndivyo mtoto atakavyofahamu maana ya kuwa na kundi la kulinganishia, jambo ambalo vitabu vya mbinu hulieleza kwa maneno mengi yasiyoeleweka.

Baada ya majuma matatu, jaribio liendelee. Makopo mawili ya kundi la pili au la tatu ambayo bado yana miche hai yachukuliwe. Moja liachwe na matundu yake wazi, jingine lizibwe chini kwa nta au udongo wa mfinyanzi. Yote mawili yamiminiwe maji matupu kwa wingi, mara kadhaa. Katika kopo lenye matundu maji yatapita na kutoka chini, na mtoto akiyaonja kwa ncha ya kidole mara ya kwanza yatamwonyesha ladha ya chumvi, mara ya nne huenda asiione tena. Katika kopo lililozibwa maji hayana pa kwenda; yatasimama, kisha yatakauka kwa jua, na chumvi itabaki pale pale. Tunalithamini jaribio hili la pili kuliko lile la kwanza, maana linaeleza shamba zima la umwagiliaji kwa makopo mawili. Maji ya mto, hata yawe matamu namna gani, yana chumvi kidogo. Mmea huyanywa maji na kuiacha sehemu kubwa ya chumvi, na jua nalo hukausha maji likaiacha chumvi. Shamba lisilo na mfereji wa kutoa maji ni kopo lililozibwa. Wanakijiji wengi huuthamini mfereji wa kuingizia maji, huusafisha na hata kuugombania. Mfereji wa kutolea maji huachwa uote nyasi. Mtoto aliyeona makopo mawili atajua ni mfereji upi unaostahili jembe la pili.

Wale wanaotaka kulifungamanisha somo hili na historia wana mfano wa kale katika nchi iliyo sasa Iraki. Mwaka 1958 Thorkild Jacobsen na Robert Adams walieleza kuwa, kwa kadiri udongo wa kusini mwa nchi hiyo ulivyojaa chumvi kutokana na umwagiliaji wa karne nyingi, wakulima wa zamani waliiacha ngano kidogo kidogo na kushika shayiri, ambayo huvumilia chumvi zaidi. Wapo wataalamu waliolipinga baadaye wazo kwamba chumvi ilikuwa na uzito mkubwa kiasi hicho katika mambo ya dola zile, na mwalimu asilihubiri kama msahafu.

Sasa, baada ya kiu, kachumbari na makopo, mkoko waweza kuingia darasani. Watoto watakuwa na swali la kuuliza: maharage yetu yamekufa kwa vijiko viwili, huyu anaishije katika vijiko sita? Na hapo ile picha ya ukutani itatuangusha. Picha huonyesha mizizi ya juu, mwalimu huielekezea kijiti, na mtoto hutoka akiamini kuwa mizizi ile ndiyo inayopambana na chumvi. Siyo. Mizizi ya juu ya mkoko, na vijiti vya mchu vinavyochomoza topeni kama penseli, hasa ni kwa ajili ya hewa, kwani tope la pwani halina oksijeni ya kutosha. Na ile ya mkoko humsaidia mti kusimama imara mahali pasipo imara. Kazi ya chumvi hufanyika mahali ambapo picha haifiki: ndani ya mizizi, ambamo zaidi ya sehemu tisa katika kumi za chumvi huzuiwa zisipande na maji. Chumvi ichache inayopenya, kila mti huishughulikia kwa namna yake. Mchu una vitezi vidogo katika majani vinavyoitoa nje, na siku isiyo na mvua jani lake likiguswa kwa ulimi lina ladha ya chumvi, pengine hata chembe zake huonekana ziking'aa. Mkoko hauna vitezi hivyo. Unategemea zaidi kule kuchuja mizizini. Wote, na hata vimea vya ufukweni vyenye majani manene yaliyojaa maji, huifungia chumvi katika vakuoli, yaani mfuko wa maji ulio ndani ya seli, mahali isipoweza kudhuru, na nje ya mfuko huo huweka vitu visivyo na madhara kama prolini ili nguvu za kuvuta maji zilingane. Shule iliyo karibu na bahari na ipeleke watoto wakalionje jani la mchu. Picha na ibaki ofisini. Na katika vitabu vingine mmeandikwa kuwa mikoko hukusanya chumvi katika majani makuukuu na kuiangusha pamoja nayo. Uchunguzi umelitilia shaka dai hilo, kwani majani ya manjano hayakukutwa daima na chumvi nyingi kuliko ya kijani yaliyokomaa. Ni afadhali liachwe.

Limebaki suala la maneno, nasi tunaliona ni zito kuliko linavyodhaniwa. Lugha yetu ina vitenzi vizuri vinavyomvuta mwalimu kwenye kosa. Tunasema mkoko "hupenda" chumvi. Ukweli ni kwamba mikoko kwa jumla hustawi vizuri zaidi katika maji yenye chumvi ya kiasi kuliko katika maji makali ya bahari. Inaishi pale kwa kuwa inaweza kuvumilia mahali ambapo miti mingine, ambayo ingeishinda penye maji matamu, haiwezi. Tunasema pia mkoko "umejizoesha" chumvi. Neno hili ni la hatari zaidi. Mtoto mwenye akili atasema: basi, mwalimu, tuyape maharage yetu chumvi kidogo kidogo kila siku, nayo yatazoea. Mtoto huyo hajakosea kabisa. Mche unaoongezewa chumvi polepole hustahimili kuliko mche uliomwagiwa yote kwa siku moja, maana hupata nafasi ya kurekebisha seli zake. Lakini kuna mpaka ambao harage halivuki hata lizoeshwe vipi, na mbegu za harage lile hazitazaa mharage wa baharini.

Tunapendekeza basi maneno mawili yatengwe tangu mwanzo na yasichanganywe ubaoni. Mwitikio ni kile ambacho mmea mmoja hukifanya katika maisha yake unapokutwa na chumvi: kufunga vitundu, kupunguza kukua, kuangusha majani. Urithi wa ustahimilivu ni kile ambacho aina nzima ya mmea imekipata kwa vizazi visivyo na idadi, kwa kuwa waliostahimili ndio waliozaa. Mharage una mwitikio. Mkoko una mwitikio na urithi. Mwalimu akiweza kulifundisha hili bila kusema kuwa mti "uliamua" au "ulitaka", amefanya kazi ambayo walimu wengi wa sekondari hawajaifanya.

Wala urithi huo si wa miti ya pwani peke yake. Umo katika mazao tunayokula, kwa viwango mbalimbali. Jedwali za Ayers na Westcot zilizochapwa na FAO mwaka 1985 hupima chumvi kwa jinsi maji ya udongo yapitishavyo umeme, kwa kipimo cha desisimensi kwa mita: chumvi ikizidi, umeme hupita kwa urahisi zaidi. Maharage huanza kupoteza mavuno kipimo kikizidi 1, mahindi 1.7, mpunga 3, kunde 4.9, pamba 7.7, shayiri 8. Maharage na kunde ni za jamii moja, hupandwa na mikono ile ile, na huliwa katika sufuria ile ile, lakini zimeachana kiasi hicho. Kwa hiyo mwalimu aliye na makopo ya ziada na ayarudie yale makundi manne kwa kunde. Hakuna somo la urithi lililo rahisi kuliko kuona kunde imesimama katika maji yale yale yaliyoilaza maharage chini.

Wakulima hawakungoja maabara kulijua hili. Kerala, huko Uhindi, kuna mpunga wa kale uitwao Pokkali, unaolimwa pwani wakati wa mvua za msimu zinapoosha chumvi, na mashamba hayo hayo hufugwa kamba wakati wa kiangazi. Kutoka kwa Pokkali watafiti walipata sehemu ya urithi waliyoiita Saltol, ambayo wazalishaji wa mbegu wameihamishia katika mipunga mingine kwa kuizalisha pamoja. Kwa ngano, Munns na wenzake walionyesha mwaka 2012 huko Australia kuwa jeni moja kutoka kwa ngano ya kale, ambayo kazi yake ni kuondoa sodiamu katika maji yanayopanda shinani, iliweza kuongeza mavuno ya ngano ngumu hadi asilimia 25 katika shamba lenye chumvi. Mtoto hahitaji kujua jina la jeni. Anahitaji kujua kuwa mbegu hutofautiana, na kwamba babu aliyetunza mbegu ya bondeni hakuwa mjinga.

Kwa walimu watakaopangiwa bara, mbali na mikoko, kuna magadi. Kuzunguka maziwa ya Bonde la Ufa kama Natron na Manyara huota nyasi ngumu za aina ya Sporobolus spicatus mahali ambapo nyasi nyingine hazithubutu. Udongo wa magadi una tatizo la tatu juu ya kiu na sumu: sodiamu huutawanya mfinyanzi ukaziba, maji yasipenye na mizizi isipumue. Tikisa udongo wa mfinyanzi katika chupa mbili, moja ya maji matupu na nyingine iliyotiwa magadi kidogo, uziache mpaka kesho yake; ile ya magadi itakuwa bado ni tope. Udongo wa namna hii haufuliki kwa maji peke yake. Hutiwa jasi kwanza, ambayo kalsiamu yake huchukua nafasi ya sodiamu, ndipo uoshwe. Jasi huchimbwa Makanya, wilayani Same, na chaki nyingi za ubaoni zimetengenezwa kwa jasi hiyo hiyo kwa asili yake, jambo ambalo darasa hulifurahia.

Tunajua litakalosemwa. Litasemwa kuwa vipindi ni vichache, darasa lina watoto 90, na mtihani hauulizi habari za makopo. Kuhusu wingi wa watoto, makopo 12 yanatosha makundi 12 ya watoto saba au wanane, na kila kundi likawa na kopo lake la kulinda dhidi ya kuku. Kuhusu vipindi, upimaji huchukua dakika tano kabla ya kengele ya asubuhi na haumnyang'anyi mtu kipindi. Kuhusu mtihani, twakubali kuwa ubishi huo una nguvu. Mtihani wa kuchagua herufi waweza kupita kwa kukariri kuwa mkoko ni mmea wa chumvi. Lakini mwalimu hutunga pia mazoezi yake mwenyewe, na hapo hakuna anayemzuia. Badala ya kuuliza "Taja mimea mitatu inayoota kwenye chumvi", na aulize hivi: "Mpunga wa jirani yako umenyauka ilhali shamba lake limejaa maji. Taja mambo mawili utakayoyachunguza kabla ya kumshauri aongeze mbolea." Mtoto atakayeandika kuwa ataonja maji ya mfereji na kutazama kama yana pa kutokea apewe alama zote, hata kama herufi zake zimepinda.